Danga kwenye ndoo: kwa nini inaoza, na mama mwenye vijiwe vya figo aile vipi

"Shikamoo. Naishi Dodoma, nyumba ya kupanga yenye ua mdogo wa saruji. Maji ya bomba yanatoka siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tunanunua madumu ya kisima, na hayo yana chumvichumvi. Mchicha umenishinda. Ukikosa maji siku mbili tu, umelala. Shangazi yangu aliyekaa Maskati miaka mingi aliniambia nipande rijla, mboga ya majani manene isiyotaka maji. Alivyonionyesha picha nikaona ni lile gugu letu la danga, ambalo wengine wanaliita tako la hasani. Nilichimba miche kando ya barabara, nikapanda ndoo mbili chini ya mwembe, nikaweka samadi ya kutosha na kumwagilia kila asubuhi. Wiki ya pili mashina yakawa meusi chini, yakaoza. Ndoo ya tatu, yenye ufa, niliisahau nyuma ya choo bila kuimwagilia, na hiyo ndiyo iliyostawi! Nimekosea wapi? Na kwa nini majani yake asubuhi ni machachu kama ukwaju lakini jioni si hivyo? Jirani naye anasema danga ya uani kwetu ina maziwa na ni sumu. La mwisho: mama yangu ana sukari, na aliwahi kutolewa vijiwe vya figo. Ameambiwa danga inatibu sukari, anataka kunywa juisi yake kila siku. Nimwache?"

Marahaba, mwanangu. Kabla ya mambo ya ndoo nianze na lile lisilosubiri: mama asianze hiyo juisi. Sijasema asile danga kabisa, nimesema juisi ya kila siku. Sababu zake nitazieleza huko chini, lakini hata ukiishia kusoma hapa, hilo liwe limefika.

Sasa tuje kwenye ndoo. Jibu la swali lako la kwanza umelileta mwenyewe, liko nyuma ya choo. Ndoo ile ina ufa, kwa hiyo maji hayatuami. Iko juani. Na haina mtu wa kuihurumia kila asubuhi. Zile mbili za chini ya mwembe zilipata kila kitu ambacho mchicha ungekushukuru nacho, na danga ikafa kwa kushiba.

Shangazi yako hakukudanganya, ila neno "isiyotaka maji" limekupotosha, na kwa upande wa pili linaweza kukupotosha tena. Usije ukasoma jibu hili ukaacha kumwagilia kabisa. Danga inavumilia kiu, haiipendi. Mtu anayeweza kushinda na njaa siku tatu bado anataka kula. Ukimnyima, utamkuta hai lakini amekonda. Danga iliyonyimwa maji kabisa utaikuta hai, majani madogo, mashina mekundu, imekimbilia kutoa maua, na hakuna cha kuweka kwenye sufuria.

Kwanza kuoza. Mizizi nayo inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna nafasi za hewa, na unapomwagilia kila siku ndoo isiyo na matundu, nafasi zile zinajaa maji na kubaki hivyo. Mizizi inakosa hewa, inaanza kufa kutoka nchani, na vimelea vya ukungu vinavyopenda udongo uliolowa vinaingia. Kwenye danga vinapanda upesi kwa sababu shina lake ni kama chupa: zaidi ya asilimia 90 ya mmea ule ni maji. Hapo ongeza kivuli cha mwembe, kinachozuia udongo usikauke, na samadi, ambayo kama haikuoza vizuri inachoma mizizi na kama ni nyingi inafanya mashina yawe laini na ya majimaji. Shina likiwa jeusi chini, mmea ule hauponi. Ila ncha yake ya juu ikiwa bado ngumu, ikate, ipande upya mahali pakavu, itashika.

Itashika kweli, nakuhakikishia. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ubibi shamba niliwaambia wakulima wang'oe danga kwenye mahindi na kuilaza palepale kati ya mistari ikauke. Usiku mvua ikanyesha. Baada ya siku kumi lile shamba lilikuwa kana kwamba tumepanda danga kwa makusudi, kila kipande kilichogusa udongo kimetoa mizizi. Mzee mmoja akaniuliza kama serikali inanilipa kwa kila shina linaloota.

Uchachu wa asubuhi ndio swali lililonifurahisha zaidi, maana watu wengi wanakula danga miaka yote wasiulize. Ulimi wako umegundua jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miaka mingi.

Jani lolote lina vitundu vidogo sana, stomata. Mmea huvifungua ili uvute hewa ya kaboni dioksidi, ambayo kwa msaada wa jua huigeuza kuwa chakula. Tatizo ni kwamba kila vinapofunguliwa, maji nayo yanatoka, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi linayanyonya bila huruma. Mchicha, mahindi na mtama vina ufundi wa kukusanya kaboni hiyo kwa haraka na kuirundika ndani, hivyo haviachi milango wazi muda mrefu. Ufundi huo wataalamu wanauita C4. Danga nayo ina ufundi huo, ndiyo maana inakua kwa kasi jua linapowaka. Lakini kiu ikizidi, danga inafanya ambalo mchicha hauliwezi. Inafunga milango mchana kutwa, inaifungua usiku hewa ikiwa imepoa, inavuta kaboni gizani na kuihifadhi ndani ya jani ikiwa katika umbo la asidi ya maliki. Kulipopambazuka inafunga tena milango, inaichukua ile akiba na kuipikia juani kwa ndani. Ni mtindo uleule wa mkonge na nanasi.

Kwa hiyo asubuhi ghala limejaa asidi, na wewe unatafuna ghala. Ikifika alasiri akiba imetumika, uchachu umeshuka. Mimea yenye njia hizi mbili pamoja ni michache mno duniani. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walionyesha kwamba kwenye danga njia hizo hazifanyi kazi kila moja kivyake; zinashirikiana ndani ya seli zilezile. Mmea tunaoung'oa na kuutupa!

Faida ya kujua hili ni kwamba ulimi wako sasa ni kipimo. Danga iliyopata maji ya kutosha haihitaji kuhifadhi asidi nyingi usiku, hivyo asubuhi huwa na uchachu mdogo tu. Ukitafuna jani asubuhi likakukunja uso, ujue mmea umebanwa na kiu na uko kwenye maisha ya kujinusuru, haukui. Uumwagilie. Na ukitaka mboga laini ya kupika, chuma jioni. Ukitaka kachumbari yenye ladha ya ndimu bila ndimu, chuma alfajiri.

Sasa mgao wako wa maji, ambao umeulalamikia: siku mbili kwa wiki ndiyo ratiba ambayo ningekupangia hata kama bomba lingetoka kila siku. Miezi ya joto kali, Septemba hadi mvua zianze Desemba, mimi huipa ndoo ya lita 20 kama lita moja hadi moja na nusu, mara mbili kwa wiki. Juni na Julai mara moja kwa wiki inatosha, maana usiku wa Dodoma unapoa na danga ni mmea wa joto; itasimama tu, haikui, na ukiongeza maji ukidhani ina kiu utarudia yaleyale ya chini ya mwembe. Usifuate vipimo vyangu kama sheria. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka uone maji yakidondoka chini ya ndoo, kisha usiguse tena.

Maji ya chumvichumvi yasikutie hofu. Danga ni miongoni mwa mboga zinazostahimili chumvi kuliko nyingi. Mambo mawili tu: mwagilia udongo, si majani, na mara moja moja, mvua zikianza au ukipata maji matamu, mwagilia kwa wingi ili chumvi iliyojikusanya ioshwe itoke chini. Kwa kuwa mmea huo hubeba baadhi ya chumvi ile kwenye majani, onja kabla ya kutia chumvi ya mezani. Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie, ni mazuri. Maji ya sabuni ya vyombo nisingeyatumia kwenye mboga ambayo pengine utaila mbichi.

Kupanda upya usitafute miche ya kuhamisha. Chukua ile iliyostawi nyuma ya choo, mradi umeangalia nitakayosema hapa chini kuhusu pale ilipo, ukate vipande virefu kama kiganja. Ondoa majani ya chini, viweke kivulini usiku mmoja ili kidonda kikauke. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa sababu vipande vinanywea kidogo na kutia huruma. Viache. Kidonda kilichokauka hakiingizi ukungu. Kesho yake chomeka kila kipande hadi pingili mbili ziwe udongoni, vipande vitano au sita kwa ndoo, mwagilia kidogo, na ndani ya wiki moja hivi vitakuwa vimeshika.

Ndoo iwe na matundu chini, saba au nane ya ukubwa wa kidole, na uinyanyue juu ya matofali ili maji yapate pa kutokea. Ukiikalisha moja kwa moja juu ya saruji, matundu yanazibika na hujafanya kitu. Huhitaji ndoo ndefu, hata beseni lililopasuka linatosha, mizizi yake mingi haiendi mbali. Udongo wangu mimi ni makopo mawili ya udongo wa kawaida, moja la mchanga wa mtoni, moja la samadi iliyooza mpaka haina harufu. Kama udongo wa kwenu ni ule mweusi unaonata, mchanga uwe sawa na udongo. Urea usiweke. Danga iliyolishwa mbolea ya viwandani kupita kiasi hujaza naitreti, yaani chumvi ya naitrojeni, kwenye majani, na huna haja nayo.

Jua iwe saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya mwembe hapana.

Ukipata mbegu, iwe ni za danga ya bustani ambayo husimama wima na majani yake ni makubwa kuliko ya gugu, kumbuka kwamba mbegu zake ni ndogo kama chembe ya sukari na zinahitaji mwanga ili ziote. Ukizifukia hazioti, na lawama itamwangukia muuzaji. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza juu ya udongo uliolowa, kandamiza kwa kiganja, basi. Kwenye joto utaona miche ndani ya wiki.

Baada ya wiki nne hadi sita anza kuvuna. Kata shina, acha pingili mbili chini, litatoa matawi mawili pale ulipokata. Rudia kila wiki mbili au tatu, na kata kabla maua hayajawa mengi, kwa sababu nitakayokuambia.

Jirani yako mwenye hofu ya maziwa ana haki, ila anazungumzia mmea mwingine. Anachokiona uani pengine ni mziwaziwa, au mmoja wa ndugu zake wadogo wanaotambaa kwenye nyufa za saruji. Kwa mbali wanafanana na danga: wote wanatambaa, wote wana mashina mekundumekundu, wote wanapenda mahali palipokanyagwa. Vunja shina. Mziwaziwa unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu ule unawasha ngozi na kuumiza macho. Usiule, na ukishaugusa nawa. Danga ikivunjwa inatoa maji angavu yanayoteleza kidogo, kamwe si meupe. Kisha pima kwa vidole: jani la danga ni nene, laini, lina umbo la kijiko, shina ni la duara na limejaa; mziwaziwa una jani jembamba na shina kama uzi. Maua ya danga ni madogo ya njano, hufunguka jua likishapanda asubuhi na kufunga mapema. Tunda lake lina kifuniko kama chungu, ukikigusa likiwa limekomaa kinatoka na mbegu nyeusi zinamwagika.

Kuna na mwingine wa kuuangalia, wenye majani manene ya mviringo yaliyo mawili mawili, moja kubwa na mwenzake dogo, na maua yake ni meupe au ya waridi. Nao unatambaa na hauna maziwa, hivyo kipimo cha kuvunja shina hakiukamati. Huo uache, kuna mahali wanakula machipukizi yake machanga, lakini uliokomaa unaharibu tumbo. Ukiona ua si la njano, usipike.

Kuhusu kuchimba kando ya barabara, hapo nakugombeza kidogo. Danga ni hodari wa kunyonya madini mazito kutoka kwenye udongo, kiasi kwamba watafiti wameijaribu kama mmea wa kusafishia ardhi iliyochafuliwa. Sifa nzuri kwa ardhi, mbaya kwa sufuria. Iliyoota kando ya barabara kuu, karibu na gereji au penye jalala usiile, wala ya kwenye shamba lililopuliziwa dawa ya magugu. Ya kwako uliihamisha ikiwa michanga. Chukua vipande, vipande vikishashika na kukua kwenye udongo safi, mavuno ya pili na kuendelea kula bila wasiwasi. Na hiyo ya nyuma ya choo: kama ni choo cha shimo na maji machafu yanajipenyeza hapo, ihamishe leo, na usile mbichi chochote kilichotoka hapo.

Nirudi kwa mama.

Uchachu wa danga una sehemu mbili. Ile ya maliki niliyoeleza haina madhara. Nyingine ni oksaleti, ambayo haishuki jioni inapofika. Danga ni miongoni mwa mboga zenye oksaleti nyingi: vipimo vya majani mabichi hutoa mamia ya miligramu katika gramu 100, na vingine huvuka gramu moja. Oksaleti ikikutana na kalisi (kalsiamu, madini ya mifupa) kwenye mkojo hutengeneza chembechembe, na vijiwe vya figo vilivyo vingi ni vya aina hiyo. Wagonjwa wa vijiwe hivyo wanapopangiwa mlo wa oksaleti kidogo, mara nyingi huambiwa wasizidi miligramu 100 kwa siku nzima. Glasi moja ya juisi inameza majani ya gramu 200 kirahisi, mabichi, bila kuchemshwa, asubuhi tumbo likiwa tupu. Piga hesabu mwenyewe. Kwa mtu aliyekwisha kutolewa vijiwe, huko ni kuvirudisha kwa hiari.

Kwa haki niseme kwamba mchicha nao umo kwenye kundi hilohilo la oksaleti nyingi. Mama kama anakula mchicha kila siku na hakuna aliyemwambia chochote, hilo nalo lipelekwe kwa daktari.

Akitaka danga kama mboga, mara moja kwa wiki, kidogo pembeni ya sahani, kuna njia ya kupunguza. Chemsha majani kwenye maji mengi dakika chache na uyamwage maji yale. Sehemu ya oksaleti inayoyeyuka inaondoka nayo. Kisha aile na maziwa mgando. Hii si mapambo. Kalisi ya maziwa inaikamata oksaleti tumboni kabla haijaingia kwenye damu, na yote inatoka chooni. Waturuki wanakula danga na mtindi tangu zamani, na wapishi wao hawakuhitaji maabara kufika hapo. Halafu anywe maji. Nyumba yenye mgao huwa na tabia moja ambayo haionekani: watu wazima wanajinyima maji ya kunywa ili ya kufulia yatoshe. Kwa mwenye historia ya vijiwe hiyo ni hatari kuliko danga.

Lakini hata hiyo mara moja kwa wiki aulize kwanza. Aulize ni vijiwe vya aina gani alivyotolewa, maana si vyote ni vya oksaleti. Aulize figo zake zinafanya kazi kiasi gani, kwa sababu danga ina potasiamu ya kutosha, karibu miligramu 500 kwa gramu 100, na figo zilizochoka kwa sukari hazimudu kuitoa. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya warfarin, mboga za majani zenye vitamini K haziongezwi wala kupunguzwa ghafla bila daktari kujua.

Na kutibu sukari? Kuna majaribio madogo yaliyofanywa kwa watu, mengi kwa kutumia mbegu au dondoo, yaliyoonyesha sukari kushuka kidogo. Kushuka kidogo si kutibu. Ninachokiogopa zaidi ni pale mtu anapoona juisi inamchangamsha akaacha vidonge vyake kimyakimya. Mama aendelee na dawa zake kama alivyoandikiwa, na hilo la danga alipeleke kliniki siku ya miadi. Akiona maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka kinenani, mkojo wenye damu, au homa pamoja na maumivu hayo, asisubiri miadi. Hospitali siku hiyohiyo.

Kwako wewe na watoto, ikiwa figo zenu hazina shida, danga ni mboga njema. Ina vitamini C, magnesi, na jambo ambalo limeipa sifa ulimwenguni: mafuta ya omega-3 ya aina ya mimea, kama miligramu 300 hadi 400 kwa gramu 100, kiasi kikubwa kwa mboga ya majani. Usibebwe sana na hilo. Omega-3 ya mimea si ileile ya samaki, na mwili unageuza sehemu ndogo tu. Ukiwa na fungu la dagaa na kikapu cha danga, kwa ajili ya omega-3 kula dagaa. Danga iwe mboga ya kusindikizia.

Kupika ni rahisi kwa mtu wa Dodoma kuliko wa mahali pengine. Ikichemka inateleza, na penye watu waliokulia mlenda hiyo ni sifa. Kitunguu, nyanya, danga iliyokwisha kuchemshwa, karanga zilizotwangwa, dakika tano, ugali wa uwele. Wenye kuchukia utelezi waichukue mbichi kwenye kachumbari, kidogo.

Sasa uniulize kama inafaa kuchukua nafasi ya mchicha, nitakujibu hapana, si yote. Ndoo moja hunipa bakuli moja la majani kila baada ya wiki mbili au tatu. Ukiwa na ndoo sita una mboga ya pembeni mara mbili kwa wiki, na kwa ajili ya oksaleti nisingependa muile zaidi ya hapo hata mkiwa wazima. Siku zilizobaki panda kunde kwa ajili ya majani. Nazo zinahimili kiu, na ukichoka kuchuma unavuna maharage yake. Matembele yanataka nafasi ya kutambaa na maji zaidi. Nderema, nayo ina majani manene na watu huichanganya na danga kwa maneno, lakini ni mmea wa kupanda juu ya kamba na unapenda unyevu. Iweke karibu na pale mnapoogea au usiipande. Mchicha uache usubiri Desemba.

Limebaki la mbegu, na hili ni la ujirani mwema. Shina moja kubwa la danga linaweza kutoa mbegu zaidi ya laki mbili. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, mtaalamu wa mimea William Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za magugu ili zichimbuliwe kidogo kidogo na kuoteshwa. Mbegu za danga zilikuwa bado zinaota baada ya miaka 40. Fikiria sasa ua wa mwenye nyumba wako, na shamba la jirani linalopokea maji ya mvua kutoka uani kwenu. Waarabu wana jina jingine kwa rijla ya shangazi yako, baqlatul-hamqaa, mboga ya mpumbavu, kwa sababu inaota kwenye njia za maji na za watu bila kujali itasombwa au kukanyagwa. Inaota huko kwa sababu mbegu zake ziko kila mahali.

Kwa hiyo kata kabla yale matunda yenye kifuniko hayajafunguka. Mashina yenye matunda usiyatupe kwenye mboji wala kuyalaza chini. Yaanike juu ya mabati mpaka yavunjike, kisha uyachome. Ukiona danga imejipenyeza nje ya ndoo, ing'oe yote na uiondoe pale, usije ukafanya kama nilivyofanya mimi kwenye mahindi ya watu.

Ukiwa bado na shaka kama uliyonayo ni danga au ni yule mwenzake wa maua ya waridi, usitume picha. Picha za simu hazionyeshi unene wa jani wala utomvu. Nenda kwa afisa kilimo wa kata yako, na uchukue mmea mzima, una mizizi na ua na tunda kama lipo. Ufunge kwenye gazeti, usiutie kwenye plastiki, la sivyo utamfikishia uji.